Kabla Hujaketi Kwenye Meza ya Kifahari ya Kifilipino

Swali linakuja kwa sura nyingi, ila ni lile lile. Yuko anayefanya kazi Dubai, amepangwa zamu na Wafilipino mwaka mzima, sasa anataka kumtoa mwenzake chakula cha jioni cha heshima na hajui aagize nini. Yuko anayekwenda Manila kwa mkutano. Wenyeji wamemwambia asirudi kabla hajala Toyo Eatery, naye amefungua ukurasa wao akakuta menyu ya mpishi yenye bei moja. Mwingine yuko Chicago, anaiona foleni ya asubuhi nje ya mgahawa wa Kasama na anajiuliza kama baridi ile inastahili kuvumiliwa. Wote mnaishia pale pale: nisije nikatoa pesa nyingi, nikatoka nimekula nisichokielewa.

Wasiwasi huo una msingi, na dawa yake ni moja: mgahawa wa kifahari usiwe wa kwanza. Kula chakula chao cha kila siku kwanza, hata kama ni jana yake tu, kisha uende kwenye meza ya gharama.

Kwa nini uanze na cha kawaida

Wapishi wa kisasa wa Kifilipino huchukua sahani ambayo kila Mfilipino ameila tangu utotoni, na kuibadilisha umbo. Supu inaletwa kama tone la mchuzi juu ya samaki. Mchuzi wa karanga unageuka krimu chini ya kipande kimoja cha mkia wa ng'ombe. Mwenyeji akiweka mdomoni anacheka, kwa sababu ameitambua. Wewe usiyeijua ya mwanzo unaona kipande kidogo kwenye sahani kubwa.

Mfano mzuri uko hapo hapo Toyo Eatery, mgahawa wa mpishi Jordy Navarra uliopo Karrivin Plaza, Makati, tangu 2016. Sahani yao inayojulikana zaidi imepewa jina la "Bahay Kubo", wimbo wa watoto unaotaja mboga za bustani ya nyumba ya kijijini, na ndani ya sahani mna mboga 18 za wimbo huo. Mfilipino huzihesabu kwa ulimi. Mgeni asiyeambiwa anakula saladi.

Kwa hiyo, kabla ya usiku mkubwa, hakikisha umeonja angalau hizi, zilizopikwa kikawaida:

- Sinigang: supu ya ukwaju yenye nyama, kamba au samaki, pamoja na mboga. Huliwa pamoja na wali; ukiinywa yenyewe kama kitangulizi, umeila nusu.
- Adobo: nyama au kuku aliyepikwa kwa siki, kitunguu saumu, majani ya bei na, mara nyingi, mchuzi wa soya. Kila nyumba ina yake.
- Kare-kare: mkia wa ng'ombe kwenye mchuzi mzito wa karanga. Nitarudi kwake, maana ndiye anayelalamikiwa kuliko wote na hana kosa.
- Kinilaw: samaki mbichi aliyetiwa siki, tangawizi, vitunguu na pilipili.
- Laing: majani ya magimbi kwenye tui zito, chakula cha mkoa wa Bicol.

Utavipata wapi? Manila, njia nyepesi ni Manam, ambayo ina matawi mengi na ambayo mwongozo wa migahawa wa Michelin uliitambua kwa ubora wa chakula kwa bei ya wastani. Uzuri wake kwa mgeni ni kwamba sahani zinauzwa kwa ukubwa wa aina tatu, ndogo, ya kati na kubwa, hivyo watu wawili wanaweza kuonja vitu vitano bila kushindwa. Sinigang yao ya nyama ya ng'ombe na tikiti maji ni daraja zuri: mbinu ya kisasa, ladha ya nyumbani. Ukiwa na tumbo lililozoea, nenda karinderia, vibanda vya kina mama ntilie wa huko, ambako masufuria yamepangwa na unaonyesha kwa kidole unachotaka. Nenda mchana, wakati chakula kinatoka jikoni. Jioni kinakuwa kimekaa.

Nje ya Ufilipino, muulize Mfilipino unayefanya naye kazi yeye hula wapi Jumapili. Usimuulize ni mgahawa upi "mzuri", maana atakupeleka unakodhani unataka kwenda.

Ulimi wa pwani utakusaidia, na pengine utakudanganya

Msomaji wa Mombasa, Tanga, Unguja au Pemba ana faida ambayo Mzungu hana. Jikoni kwa Wafilipino kuna tui, kuna ukwaju, kuna karanga, kuna majani ya mgomba. Tunda wanaloliita kamias, wanalotumia kuchachusha sinigang, ndilo birimbi. Tuba yao inagemwa juu ya mnazi kama tembo letu, na ikiachwa inakuwa siki, siki ambayo watu wa visiwa vya kusini wanapikia karibu kila kitu. Bibingka, keki ya unga wa mchele na tui inayookwa juu ya jani la mgomba, haitamshangaza aliyekulia na mkate wa kumimina, mpaka aone wameiwekea yai la bata la chumvi juu.

Lakini kuna mahali ujuzi huo unakupoteza. Yashike haya:

1. Kare-kare haina chumvi, na ndivyo inavyotakiwa. Chumvi iko kwenye kibakuli cha pembeni: bagoong, yaani uduvi uliochachushwa kwa chumvi. Unachukua kidogo kwa kila tonge. Wanaoogopa harufu ya kile kibakuli hukisukuma kando, kisha huandika kwamba chakula hakina ladha. Ukiwa huwezi kabisa bagoong, usiagize kare-kare.
2. Usitarajie pilipili. Ukitoa Bicol na sehemu za Mindanao, chakula chao si kikali. Nguvu yake iko kwenye uchachu na chumvi, na kwa mbali utamu. Anayeketi akingoja moto wa Kithai au wa Kihindi atasema hapana kitu.
3. Uchachu si kuharibika. Kuna wanaorudisha sahani jikoni wakidhani imechacha. Imechachushwa kwa makusudi, na mpishi mzuri anakuwa na aina tatu nne za uchachu kwenye mlo mmoja: siki ya nazi, ukwaju, ndimu ndogo ya calamansi, na batuan, tunda la visiwa vya Visayas.
4. Utamu nao usikukwaze. Soseji za longganisa nyingine zina sukari, nyingine zina kitunguu saumu tupu kama za Vigan. Uliza kabla.
5. Rangi ya zambarau ni halali yake. Ube ni kiazi kikuu. Ila duniani siku hizi kuna ube nyingi za rangi na unga wa dukani; kwenye mgahawa wa bei kubwa una haki ya kuuliza kama kiazi chenyewe kimetumika.

Kuhusu kinilaw mnaniuliza sana kama ni salama. Siki humbadilisha samaki rangi na ugumu, lakini haimpiki kama moto unavyompika, wala haiui kila kijidudu. Usalama wote uko kwenye samaki mwenyewe: alivuliwa lini, amehifadhiwaje. Kwenye mgahawa unaojiheshimu ningekula bila kusita. Kwenye kibanda cha kando ya barabara saa nane mchana, nisingekula. Mjamzito, mgonjwa na mtoto mdogo waache kabisa, popote.

Nyota haimaanishi chakula cha Kifilipino

Hili ndilo kosa jipya, na limekuja na sifa. Mwongozo wa kwanza wa Michelin wa Manila, maeneo ya jirani na Cebu ulitangazwa Oktoba 2025. Migahawa 9 ilipata nyota, yote upande wa Manila na majirani zake: Helm ilipata mbili, na 8 ikapata moja moja. Tangu hapo wageni wanachukua orodha ile na kuanza kupiga simu kutoka juu kwenda chini.

Soma kwanza kinachopikwa. Helm ya Josh Boutwood ni jiko linalozunguka mabara. Asador Alfonso, huko Cavite, ni jiko la Kihispania la nyama za kuokwa. Ni migahawa mizuri, ila ukitoka Dar es Salaam mpaka Manila kutafuta ladha ya Kifilipino, hapo hutaipata kwanza. Kwa shabaha hiyo, kwenye orodha ile ningeangalia Toyo Eatery, Hapag, Inatô, na Linamnam, mgahawa mdogo wa Parañaque wenye nafasi chache. Gallery by Chele, iliyoko mtaa wa BGC, Metro Manila, ni ya Mhispania Chele González, lakini ameyasoma mazao ya visiwa vile kwa bidii, na mtu anayependa kujua viungo vinatoka wapi atafurahi pale.

Kwa walio nje ya Ufilipino:

- Chicago: Kasama ya Genie Kwon na Tim Flores. Mwaka 2022 ilikuwa mgahawa wa kwanza wa Kifilipino duniani kupata nyota ya Michelin. Kumbuka ni sehemu mbili katika moja: asubuhi ni mikate na kifungua kinywa, unasimama foleni kama kila mtu, usiku ni mlo mrefu wa kuhifadhi nafasi mapema.
- London: Donia, ndani ya Kingly Court karibu na Carnaby Street, tangu 2023. Hapa unachagua mwenyewe kwenye menyu, hivyo bajeti iko mikononi mwako.
- Melbourne: Serai ya Ross Magnaye, jiko la kuni na moshi, kelele za kutosha. Si pahali pa kumpeleka mtu unayetaka kuongea naye kwa utulivu.
- Dubai: Kooya ya mpishi JP Anglo, aliyejijengea jina Ufilipino kwa mgahawa wa Sarsa. Ndiyo ningemwambia yule wa zamu aanze nayo.

Tahadhari: migahawa ya aina hii hufungwa na kuhama haraka. Bad Saint ya Washington ilisifiwa Marekani nzima, na sasa haipo. Orodha yoyote ya zaidi ya mwaka mmoja, hii yangu ikiwemo, ihakikishe kwa simu.

Kuhifadhi nafasi

Fuata mpangilio huu. Anayeruka hatua ya tatu ndiye huniandikia akilalamika.

1. Tafuta siku wanazofungua. Wengi hupumzika siku moja au mbili kwa wiki, na wengine hawana chakula cha mchana.
2. Weka nafasi kabla ya kulipia ndege za ndani. Meza ni chache kuliko viti vya ndege ya kwenda Cebu.
3. Andika miiko yako yote wakati wa kuhifadhi: mzio, dini, ujauzito, usichokula kabisa. Usingoje uketi. Kwenye menyu ya mpishi kila kitu kimeandaliwa kuanzia asubuhi, na mchuzi wenye patis, maji ya chumvi ya samaki waliochachushwa, hauwezi kutolewa patis.
4. Soma sharti la kughairi. Wengi huomba namba ya kadi au malipo ya awali, na ukikosa kufika pesa haziji.
5. Thibitisha siku moja kabla. Manila watu wengi hutumia Viber, kwa hiyo iweke kwenye simu yako.
6. Toka mapema. Foleni ya magari ya Metro Manila si ya kudhani unaijua kwa kuwa umezoea ya Ubungo au ya Thika Road. Mishahara ya wengi hutoka tarehe 15 na 30; Ijumaa inayoangukia hapo, ongeza saa nzima.

Msimu nao uangalie. Krismasi ya Wafilipino huanza kunukia Septemba, na Desemba meza zinachukuliwa na sherehe za makazini. Kati ya Juni na Novemba kuna mvua na tufani; usiweke mlo wako mkubwa usiku wa mwisho kabla ya kuruka, kwa sababu tufani likiahirisha, huna siku ya akiba.

Kwa msomaji Mwislamu

Sehemu hii nairefusha makusudi, kwa maana ndiyo inayoulizwa zaidi na ndiyo inayojibiwa vibaya zaidi. "Usile nguruwe tu" haitoshi. Nguruwe huko hajifichi kwenye nyama peke yake:

- Chicharon, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, husagwa na kunyunyizwa juu ya tambi na choroko za monggo.
- Mafuta ya nguruwe huweza kuwemo kwenye mikate na vitafunio vitamu.
- Laing na pinakbet, ambazo kwa macho ni mboga tupu, mara nyingi zina vipande vyake.
- Sinuglaw ya kusini huchanganya kinilaw na nguruwe wa kuchoma, na kwa mbali hutaitofautisha na kinilaw ya kawaida.
- Dinuguan ni mchuzi wa damu. Ukiona mchuzi mweusi, uliza.
- Mafuta ya kukaangia na jiko la kuchomea hutumiwa kwa vyote.

Ukiandika "sili nyama", mhudumu anaweza kukuelewa kwamba huli mapande ya nyama. Andika kwa urefu: sili nguruwe, wala mafuta yake, wala supu ya mifupa yake, wala chicharon, wala damu, wala pombe ndani ya chakula. Na kama unataka kuku au ng'ombe aliyechinjwa kisheria, sema hivyo, ukijua kwamba migahawa mingi ya kifahari ya Makati itakujibu haina. Jibu hilo ni zuri kuliko uongo.

Njia inayofanya kazi ni menyu ya baharini. Visiwa zaidi ya 7,000, samaki hawakosekani, na wapishi wengi wanaweza kukupangia mlo mzima wa samaki, kamba na mboga wakiambiwa mapema. Siki iliyotokana na tembo, muulize sheikh wako kabla ya safari, usimuulize mpishi.

Tena msisahau kwamba Ufilipino una Waislamu wake, na upishi wao ni hazina. Wamaranao wana palapa, mchanganyiko mkali wa kitunguu cha sakurab, tangawizi na pilipili, na kuku wa piaparan anayepikwa kwa nazi. Watausug wana tiyula itum, supu nyeusi, weusi wake ukitoka kwenye nazi iliyochomwa. Manila, mtaa wa Quiapo kuzunguka Msikiti wa Dhahabu, utapata vibanda vya halali vinavyouza pastil, wali uliofunikwa kuku wa kuchambua ndani ya jani la mgomba. Kula huko kwanza. Ukikutana na palapa kwenye sahani ya kifahari baadaye, wewe ndiwe utakayeitambua.

Wenzangu wa kitimoto hamhitaji msaada mwingi. Lechon, nguruwe mzima wa kuchoma, ya Cebu iliwe Cebu, ngozi ikiwa bado inapasuka. Sisig, nyama ya kichwa iliyokatwakatwa na kuletwa ikichemka kwenye sahani ya chuma, asili yake ni Pampanga. Kandoni mwa Manila kuna nzuri pia, na zipo za samaki kwa asiyetaka nguruwe.

Mezani

Wafilipino hula kwa kijiko na uma; kisu ni nadra, kijiko ndicho kinachokata. Kula kwa mkono, kamayan, kunajulikana na kunaheshimiwa, lakini kwenye menyu ya mpishi subiri waseme. Wakikuletea kitambaa cha moto na jani la mgomba, hiyo ndiyo ruhusa.

Sawsawan, vibakuli vya siki, soya, calamansi na pilipili, ni haki ya kila mlaji kwenye migahawa ya kawaida: kila mtu anajichanganyia. Kwenye meza ya kifahari mpishi ameshachanganya. Onja kwanza kama ilivyo. Ukiona bado unataka, omba, hakuna atakayekasirika.

Swali moja litakufungulia jioni nzima: muulize mhudumu, "Hiki nyumbani kwenu hupikwaje?" Migahawa hii huajiri vijana wanaojua asili ya kila sahani, na wengi watakuambia mama yao hutia nini. Kiingereza kinatosha kabisa. Ukiongeza "po" kwenye shukrani, "salamat po", umeonyesha adabu. Kwenye migahawa ya kawaida mhudumu huitwa kuya au ate, kaka au dada, hata kama ni mdogo kwako. Kwenye ya kifahari inua mkono tu.

Mengine kwa haraka:

- Beba mtandio au koti. Viyoyozi vya Manila havina huruma.
- Kaptura na kandambili ziache hotelini. Suti haihitajiki.
- Mchana kula kidogo. Mlo wa sahani kumi ndogo huchukua saa mbili au tatu, na wali mara nyingi huja mwishoni, wakati ulishakata tamaa.
- Hunywi pombe? Sema mapema, wengi wana vinywaji vya calamansi, tangawizi ya salabat, kakao ya tablea. Anayekunywa ajihadhari na lambanog. Inatokana na mnazi ila imekenekwa, na kichwa cha asubuhi kinajua.
- Balut, yai la bata lenye kifaranga, hakuna anayekulazimisha. Kuila kwa ajili ya picha ni kumsumbua muuzaji.

Bili

Bei ikiandikwa na alama mbili za kujumlisha mbele yake, hujaona bei kamili. Alama ya kwanza ni kodi ya ongezeko la thamani, 12%, ya pili ni ada ya huduma, mara nyingi 10%. Tufanye menyu imeandikwa peso 5,000. Kodi ni 600, huduma 500, utalipa 6,100. Kwa kuwa dola moja imekuwa ikienda peso 55 hadi 60 hivi miaka ya karibuni, hapo umevuka dola 100 kwa kichwa kabla ya kinywaji. Wawili wakinywa vinywaji vilivyopangwa na mgahawa, bili inaweza kukaribia mara mbili.

Bakshishi? Sheria ya Ufilipino ya 2019 inataka ada yote ya huduma iende kwa wafanyakazi, kwa hiyo ikishatozwa huna deni. Ukipenda kuacha noti kwa aliyekuhudumia vizuri, mpe mkononi. Marekani hesabu ni nyingine. Huko soma risiti kwa makini, maana sehemu nyingine huduma imo na nyingine haimo.

"Ni pesa nyingi kwa chakula cha kawaida"

Pingamizi hili silipuuzi. Nimesikia Wafilipino wenyewe wakilisema: nani alipe elfu za peso kwa sinigang? Jibu langu halifanani kwa kila mtu. Ikiwa pesa hiyo itakubana safari iliyobaki, usiende. Milo mitano mizuri ya kawaida itakufundisha zaidi. Ikiwa unayo, basi lipia yale ambayo jiko la nyumbani haliwezi: chumvi za mikoa mbalimbali, siki zilizokaa muda, samaki wa wavuvi wanaojulikana kwa majina, mazao ya milimani ambayo sokoni Manila hayafiki.

Kuna njia ya katikati ambayo wageni wengi wanaipita bila kuiona. Majiko makubwa huwa na dada zake wa bei nafuu. Toyo Eatery ina Panaderya Toyo, duka la mikate pale pale Karrivin Plaza. Kasama asubuhi ni wapishi wale wale wa usiku. Ukikosa nafasi ya jioni, au ukiona bei imekushinda, pitia huko kabla ya saa sita, nunua mkate na kitu cha kunywa, na uwaachie namba yako ya simu. Watu hughairi, na meza ya wawili ya saa kumi na mbili jioni mara nyingine huangukia aliyekuwa jirani.